Joto katika Nchi ya Baridi: Afya na Maji ya Kunywa Chini ya Mlima Meru

ELIMU KWA JAMII

Arusha inajulikana nchini kote kuwa ni nchi ya baridi. Jiji limekaa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake unasimama Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi joto 12 za Sentigredi, na mgeni kutoka Dar es Salaam hulazimika kununua sweta kabla hajamaliza shughuli iliyomleta. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni ya nusu mwaka. Kuanzia Januari hadi masika yanapoanza mwezi Machi, mchana hufika nyuzi joto 28 hadi 30, na siku nyingine huvuka hapo. Katika tambarare zilizo chini ya mlima, kama Mbuguni, joto huwa kali zaidi kuliko mjini.

Somo hili linaeleza mambo matatu. La kwanza ni namna joto linavyoudhuru mwili, na kwa nini watu waliozoea baridi huumia mapema. La pili ni namna ya kumtambua na kumsaidia aliyezidiwa na joto. La tatu linahusu eneo la Meru kwa namna ya pekee. Ushauri wa kwanza unaotolewa duniani kote wakati wa joto ni kunywa maji mengi. Kwa familia zinazochota maji yenye madini ya floraidi kwa wingi, ushauri huo unahitaji nyongeza: ni maji gani yanywewe?

Mwili unavyopambana na joto

Mwili wa mwanadamu hufanya kazi vizuri joto lake la ndani likiwa karibu na nyuzi joto 37. Hewa inapopata joto, ubongo huuamuru mwili kutumia njia mbili. Njia ya kwanza ni kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke nje, na hivyo moyo hulazimika kusukuma damu kwa kasi zaidi. Njia ya pili ni kutoa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto, na mwili hupoa.

Njia zote mbili zina gharama. Moyo ulio dhaifu huchoka haraka. Jasho nalo ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini, na visiporudishwa damu hupungua ujazo, figo hupata shida, na kizunguzungu huanza. Katika hewa kavu ya Februari jasho hukauka mara tu linapotoka. Mtu hujiona mkavu, akadhani hajapoteza kitu, kumbe amepoteza maji mengi. Ndiyo sababu mtu wa pwani, ambaye nguo zake hulowa jasho, hutambua kwa urahisi kuliko mkazi wa Arusha kwamba anapoteza maji.

Kwa nini nchi za baridi huumia kwa joto dogo

Joto hupimwa kwa kipimamoto, lakini madhara yake hutegemea pia mazoea. Mwili unaokaa kwenye joto kila siku hujifunza: jasho huanza kutoka mapema, chumvi inayopotea hupungua, na moyo hupata nafuu. Mafunzo hayo ya mwili huchukua takribani wiki moja hadi mbili. Joto likija ghafla kabla ya muda huo, mwili hukutwa haujajiandaa. Kwa sababu hiyo, katika miji ya baridi vifo huanza kuongezeka kwenye viwango vya joto ambavyo wakazi wa nchi za joto huviona kuwa vya kawaida.

Mataifa yenye uwezo mkubwa yamelipata somo hili kwa uchungu. Katika kiangazi cha mwaka 2003, joto lililokumba Ulaya lilisababisha vifo vinavyokadiriwa kuwa zaidi ya 70,000, na takribani 15,000 kati ya hivyo vilitokea Ufaransa. Mwishoni mwa Juni 2021 joto lisilo la kawaida lilikaa juu ya jimbo la British Columbia nchini Kanada, nchi inayojulikana kwa theluji. Tarehe 29 Juni mji mdogo wa Lytton ulipima nyuzi joto 49.6. Uchunguzi wa serikali ya jimbo hilo ulibaini kuwa watu 619 walikufa kwa sababu ya joto, na asilimia 98 kati yao walipata madhara hayo wakiwa ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu waliishi peke yao, na wengi walikuwa wazee.

Takwimu hizo zina fundisho kwa Arusha. Wengi wa waliokufa Kanada hawakuwa shambani wala barabarani. Walikuwa ndani ya nyumba zilizojengwa kuhifadhi joto wakati wa baridi, na hapakuwa na mtu wa kuwabishia hodi.

Karibu na Tanzania, Sudan Kusini ililazimika kufunga shule zake mwezi Machi 2024 kwa sababu ya joto kali, na ikazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Arusha haijafikia joto la Juba. Hata hivyo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi duniani tangu vipimo vianze kuwekwa, na nyanda za juu ni sehemu ya dunia hiyohiyo.

Hali halisi ya Arusha na Meru

Nyumba za asili za Waarusha na Wameru, zilizoezekwa kwa nyasi au majani ya migomba, zilizuia baridi ya usiku na jua la mchana kwa pamoja. Nyumba nyingi za sasa zimeezekwa kwa bati, na nyingi kati ya hizo hazina dari. Bati hupitisha joto la jua moja kwa moja kwa walio ndani. Kwa kuwa usiku ni wa baridi, madirisha hujengwa madogo na hufungwa muda mrefu. Nyumba ya namna hiyo saa nane mchana mwezi Februari huwa na joto kuliko kivuli cha mti ulio mlangoni.

Mavazi nayo hufuata mazoea ya baridi. Dereva wa bodaboda huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa koti zito, na saa saba mchana bado analo mwilini. Mtoto mchanga hufunikwa kwa shali mbili na kofia ya sufu kwa hofu ya nimonia, hata wakati ambapo mama yake anatokwa na jasho. Hofu hiyo ina msingi katika miezi ya Juni hadi Agosti. Katika miezi ya joto, mtoto aliyefunikwa kupita kiasi hawezi kujifunua wala kueleza anachohisi.

Jua la nyanda za juu lina ukali wake pia. Kila mtu anapopanda mita 1,000, mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Upepo mwanana wa Meru huficha ukali huo. Watu wenye ualbino ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ngozi yao haina kinga dhidi ya saratani inayosababishwa na mionzi. Wanashauriwa kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu, na kutumia mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya aina hiyo hutengenezwa katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

• Watoto wachanga na watoto walio chini ya miaka mitano.
• Wazee, hasa wanaoishi peke yao. Hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo mzee anaweza kukaukiwa maji bila kuona kiu.
• Wajawazito.
• Wenye magonjwa ya moyo, shinikizo la damu, kisukari na figo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo, hivyo hupunguza maji mwilini. Mgonjwa asiache dawa, bali amwone mtaalamu kwa ushauri.
• Wenye selimundu. Kupungukiwa maji kunaweza kuanzisha maumivu makali ya mifupa na viungo.
• Wanaofanya kazi juani au katika joto lililofungiwa: mafundi ujenzi, wachuuzi wa Kilombero na Tengeru, wachimba mchanga na kokoto, wafugaji, na wafanyakazi wa vitalu nyumba vya maua na mboga.
• Wanaofunga. Katika miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na Kwaresima huwa katika kipindi hichohicho.
• Wanamichezo. Mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wakazi wengi wa Arusha hushiriki baada ya kufanya mazoezi katika mwinuko wenye hewa baridi zaidi.

Kumtambua na kumsaidia aliyezidiwa na joto

Madhara ya joto huja kwa ngazi mbili, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ngazi ya kwanza ni uchovu wa joto. Mgonjwa hutokwa na jasho jingi, huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kukakamaa misuli. Mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Akili yake bado ni timamu. Mgonjwa huyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, apepewe, na apewe maji ya kunywa kidogokidogo. Maji yenye chumvi na sukari maalumu, yaani ORS, ni bora zaidi: pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi. Ikikosekana, vijiko sita bapa vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi vichanganywe katika lita moja ya maji safi. Vipimo visizidishwe, kwa kuwa chumvi nyingi ni hatari. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya.

Ngazi ya pili ni kiharusi cha joto, ambacho ni tofauti na kiharusi cha kupooza kinachofahamika na wengi. Joto la mwili hufika nyuzi joto 40 au zaidi, na akili huathirika. Mgonjwa huongea maneno yasiyoeleweka, huyumba kama mlevi, hupata degedege au huzirai. Ngozi huwa ya moto, na inaweza kuwa kavu au yenye jasho. Hii ni dharura inayoua kwa saa chache. Hatua ni hizi:

1. Ahamishiwe kivulini na avuliwe nguo za ziada.
2. Amwagiwe maji au afunikwe kitambaa kilicholowa, huku akipepewa bila kukoma. Vitambaa baridi viwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena.
3. Asinyweshwe kitu chochote iwapo amezirai au amechanganyikiwa, kwa kuwa anaweza kupaliwa.
4. Apelekwe hospitali haraka, na kazi ya kumpoza iendelee njiani.

Dawa za kushusha homa, kama vile parasetamo, hazisaidii katika hali hii, kwa sababu joto hilo halitokani na maambukizi. Aidha, mwili wa moto si lazima uwe malaria. Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache ya malaria nchini, hivyo mgonjwa apimwe kwanza badala ya kununuliwa dawa dukani na kuachwa alale. Kwa ushauri wa afya, mwananchi anaweza kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, namba ni 115.

Swali la maji

Hapa ndipo somo la joto linapokutana na historia ya Mlima Meru. Meru ni volkano. Miamba yake ina madini ya floraidi, na maji yanayopita kati ya miamba hiyo huyayeyusha na kushuka nayo hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyatia madoa ya kahawia wakati yanapoumbwa, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa: viungo hukakamaa, mgongo hupinda, na miguu ya watoto inaweza kukua ikiwa imepinda. Meno ya kahawia ni alama ambayo wenyeji wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki na vijiji vingine vingi wanaitambua bila kuelezwa.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji. Tanzania iliruhusu miligramu 4 kwa miaka mingi, na sasa inatumia kiwango hicho cha 1.5. Vyanzo kadhaa kuzunguka Meru vina kiasi kinachozidi viwango vyote viwili.

Uhusiano kati ya joto na floraidi ni wa hesabu rahisi. Floraidi inayoingia mwilini ni kiasi kilichomo katika lita moja kikizidishwa kwa idadi ya lita zinazonywewa. Tuchukue mtu mzima anayekunywa lita mbili kwa siku mwezi Julai, na lita nne kwa siku mwezi Februari anapolima juani. Akichota maji yenye miligramu 1.5, hupata miligramu 3 mwezi Julai na 6 mwezi Februari. Akichota maji yenye miligramu 4, hupata 8 mwezi Julai na 16 mwezi Februari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dalili za hatari kwa mifupa huanza kuonekana mtu anapopata zaidi ya takribani miligramu 6 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na kuwa hatari hiyo ni dhahiri anapofikia miligramu 14. Kwa hiyo maji yaleyale ya kisima kilekile yanaweza kumweka mtu katika eneo la tahadhari wakati wa baridi na kumvusha hadi eneo la hatari wakati wa joto.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1962 Marekani, ambako floraidi huongezwa kwenye maji ili kulinda meno, iliweka viwango vya kati ya miligramu 0.7 na 1.2 kwa lita kulingana na hali ya hewa. Miji ya joto ilipewa kiwango cha chini kwa kuwa watu wake walitarajiwa kunywa maji zaidi. Mwaka 2015 nchi hiyo iliweka kiwango kimoja cha 0.7 kwa wote.

Je, mwananchi apunguze kunywa maji wakati wa joto? Hapana. Jibu hili ni muhimu kuliko yote katika somo hili. Kukaukiwa maji huua kwa saa au siku, na floraidi hudhuru kwa miaka. Mtu mwenye kiu aliye juani anywe maji yaliyopo, mradi ni salama kwa vijidudu. Kinachotakiwa kubadilika ni chanzo cha maji ya kunywa na kupikia, na mabadiliko hayo yapangwe kabla ya Januari kufika.

Njia za kupunguza floraidi, na zisizofaa

Wananchi wengi huamini kuwa kuchemsha maji huondoa kila dhara. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima kuendelea nako. Lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa kuchemka, floraidi hubaki, na kila lita iliyosalia huwa na kiasi kikubwa zaidi. Vidonge na dawa za kutibu maji haviiondoi pia, wala kuyaanika maji juani au kuyachuja kwa kitambaa. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mnywaji. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo nyingi, hivyo njia pekee ya kujua ni kupima.

Njia zinazofaa ni hizi:

• Maji ya mvua. Karibu hayana floraidi. Bati lilelile linaloleta joto ndani ya nyumba linaweza kukinga maji ya vuli na masika kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Mvua ya kwanza iachwe isafishe paa, tangi lifunikwe, na maji yatibiwe kabla ya kunywewa. Familia isiyo na tangi kubwa itumie maji hayo kwa kunywa na kupikia tu, na maji ya kisima yatumike kuogea, kufulia na kumwagilia.

• Mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, wilayani Meru, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimekuwa kikiandaa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa ajili ya kuchujia maji. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo na kwa joto linalodhibitiwa, husagwa, kisha maji hupitishwa humo na floraidi hunaswa. Mkaa huo huchoka, hivyo hubadilishwa baada ya muda. Mifupa iliyochomwa ovyo nyumbani huyapa maji harufu mbaya na haifanyi kazi ipasavyo.

• Chanzo chenye floraidi kidogo. Chemchemi mbili zilizo katika kata moja zinaweza kutofautiana sana. Upimaji huonyesha ipi itengwe kwa kunywa.

• Maji ya bomba yaliyoboreshwa. Kupunguza floraidi ilikuwa moja ya sababu za mradi mkubwa wa majisafi wa Jiji la Arusha wenye thamani ya Shilingi bilioni 520, uliotekelezwa na Serikali kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Chakula nacho kina nafasi yake. Magadi yanayotumiwa kulainisha maharage na makande yana floraidi, na majani ya chai pia. Kaya inayokunywa maji yenye floraidi nyingi inashauriwa kuacha magadi kwa kuloweka maharage usiku kucha, na kupunguza chai nzito. Maziwa yana floraidi kidogo sana, hivyo mtindi na loshoro ni vyakula vinavyofaa siku za joto. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, mara nyingi zaidi wakati wa joto, bila kupewa maji. Maziwa hayo yana maji ya kumtosha, na floraidi yake ni kidogo mno. Kwa watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbwa, maji bora yaliyopo nyumbani yatengwe kwa ajili yao kwanza.

Wajibu wa kila mmoja

Katika kaya, madirisha yafunguliwe usiku na asubuhi hewa ikiwa baridi, na upande unaopigwa na jua uzibwe kwa pazia mchana. Dari hata ya gharama nafuu, pamoja na mti wa kivuli upande wa magharibi, hupunguza joto la nyumba. Nguo za asubuhi zipunguzwe jua linapopanda. Bia na mbege zisihesabiwe kuwa maji, kwa kuwa pombe huongeza mkojo. Mgonjwa wa kisukari asiye na jokofu anaweza kutunza insulini ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, ikiwa imefungwa isiingie maji. Nyama na maziwa visikae muda mrefu nje, kwa kuwa joto huharakisha kuoza na kuleta magonjwa ya kuhara.

Katika mtaa na kitongoji, majirani wajue ni mzee gani anaishi peke yake, na abishiwe hodi mchana wa joto. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waelekezwe kwa wazee hao.

Shuleni, michezo na kazi za nje zifanywe asubuhi, paredi ziwe fupi na za kivulini, na kila mwanafunzi aruhusiwe kunywa maji wakati wa kipindi. Matangi ya maji ya mvua yawe sehemu ya mpango wa kila shule iliyoko kwenye maeneo ya floraidi nyingi.

Kwa waajiri, kazi nzito zianze mapema na zisimame jua likiwa la utosi. Mfanyakazi mpya apewe wiki moja hadi mbili ya kuzoea joto kabla ya kupewa kazi kamili, hasa ndani ya vitalu nyumba. Maji ya kunywa na kivuli ni sehemu ya usalama kazini.

Katika kijiji, mkutano mkuu unaweza kuomba chanzo cha maji kipimwe. Ombi hupelekwa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii au ofisi ya RUWASA ya wilaya, na kwa wakazi wa maeneo ya Jiji ni AUWSA. Majibu ya upimaji yasomwe mbele ya wananchi na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu mchotaji ndiye anayeamua kila siku ndoo ijazwe wapi. Taarifa za joto hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na wenyeviti wa vitongoji na mitaa wanashauriwa kuzifikisha kwa wananchi kama wanavyozifikisha zile za mvua kubwa.

Maswali ya kujadili katika kaya, darasa au mkutano

1. Ni mzee, mgonjwa au mtoto gani jirani yetu ambaye hakuna anayemtembelea saa za mchana?
2. Maji tunayokunywa yana floraidi kiasi gani? Kama hatujui, nani atapeleka ombi la kupima, na lini?
3. Paa letu linaweza kukinga ndoo ngapi za mvua, na chombo cha kuhifadhi kiko wapi?
4. Mtu akichanganyikiwa na kuanguka juani leo, kila mmoja wetu atafanya nini katika dakika tano za kwanza?

Kaya itakayoyajibu maswali haya kabla ya vuli kuisha itakuwa na maji ya mvua tangini Januari itakapofika, na itajua mlango wa kubisha hodi siku jua litakapokuwa kali.